Wahispania Wanane Kwenye Sinia la Wakwe

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo, maana wote wazima, wote wana midomo, na kila mmoja huhadithia siku ile kwa namna inayomfanya yeye awe mwerevu na mimi niwe kituko. Nilikuwepo mimi, Mwajuma, mkubwa katika nyumba yetu ya yatima watatu hapa Jang'ombe. Alikuwepo mdogo wangu Salma, mwanafunzi wa chuo na mwalimu wangu wa Kihispania (mdogo wetu wa mwisho, Idi, alikuwa shule kwa masomo ya Jumamosi, Mungu alimpenda). Alikuwepo jirani yetu Bi Mwanakheri na binti yake Raya, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza wanawake wa upande wa mchumba wake walikuwa wanakuja kula chakula cha mchana ili wajuane. Walikuwepo Mzee Makame, mcheza bao wa baraza ya mkabala, na Fundi Haji wa cherehani. Alikuwepo Bi Zuhura, mwenye ofisi ya kutembeza wageni, aliyekuja kunipima kama nafaa kazi. Walikuwepo Wahispania wanane wenye njaa. Na mwisho kabisa wakaingia wakwe sita, nao pia wenye njaa.

Ukishawajua hao, nusu ya aibu yangu umeshaijua. Kaa nikupe nusu iliyobaki, kwa sababu hiyo ndiyo inayonifanya mpaka leo nikipita mlangoni kwa Bi Mwanakheri nijifunike mtandio mpaka puani.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, mwaka tuliofiwa na mama, baba akiwa ametangulia. Hakuna aliyenifukuza. Niliamka asubuhi moja nikaona wawili wanataka chai na mmoja tu ndiye anayejua kuwasha jiko, basi. Nikapata kazi ya kutandika vitanda kwenye nyumba moja ya wageni kule Mji Mkongwe, na vitanda hivyo ndivyo vilivyomfikisha Salma chuo. Sasa mwezi ule Salma akaja na habari kwamba ataahirisha masomo atafute kazi, kwa sababu mgongo wangu umeanza kulalamika na Idi bado yuko shule. Nikamwambia, "Katika nyumba hii nafasi ya mtu aliyeacha shule ni moja tu, na mimi nshaikalia. Tafuta nyumba nyingine." Akacheka, lakini barua ya kuomba ruhusa chuoni niliiona, keshaiandika, imo ndani ya kitabu chake inangoja kupelekwa.

Ndipo nikasikia Bi Zuhura anatafuta mwanamke wa huku Ng'ambo. Wageni wake walikuwa wamechoka kuonyeshwa milango ya Mji Mkongwe, wanataka kuona watu wanaishi vipi, na Wahispania walikuwa wakija makundi kwa makundi ilhali msichana aliyekuwa akiwatembeza ameolewa Maskati. Nikenda ofisini kwake. Akaniuliza, "Kihispania unakijua?" Nikasema, "Nnakijua, Bi." (Nilikuwa najua maneno matatu: habari, ahsante na taulo.) Akasema, "Vizuri. Jumamosi ya wiki ya pili nakuletea wageni mtaani kwako. Ukinipendeza, kazi yako."

"Dada, wewe una wazimu," alisema Salma nilipomhadithia, lakini huku kashavuta daftari.

Salma ni mwalimu mzuri, simsingizii. Alinianzisha na vitendo vinavyoendelea, vile ambavyo ukimtazama mtu unamkuta bado yumo ndani yake. Akanieleza kuwa Wahispania huchukua neno está, ambalo ni kama yuko, kisha kile kitendo wanakitia mkia wa -ando au -iendo, kwisha. Fundi Haji está cosiendo, yuko anashona. Nikamuuliza kwani hawasemi cose tu, maana hilo nililiona kitabuni. Akasema, "Wanasema, lakini mara nyingi hilo ni hushona. Hushona, ndiyo kazi yake, hata kama saa hizi kalala. Está cosiendo, sindano imo kitambaani, ukimgusa atajichoma." Wallahi nilifurahi! Kwa sababu hayo sisi tunayo tangu utotoni, hushona mbali na anashona mbali, na hakuna aliyetukalisha akatufundisha. Nikaona kumbe Wahispania ni watu wa kwetu, wamepotea njia tu.

Basi nikashikwa na furaha ya kijinga. Ikawa sifanyi jambo ila nijitangaze. Nafagia, estoy barriendo. Natandika kitanda cha mgeni, estoy haciendo la cama, mpaka mgeni mwenyewe (Mjerumani, masikini) akachungulia kutoka bafuni na povu la sabuni kichwani akidhani nazungumza naye. Nikimkuta Idi jikoni, "Está robando azúcar!" yuko anaiba sukari, na kweli alikuwa anaiba sukari. Miaka kumi na tatu sikushika daftari, na sasa nashindwa kulala kwa hamu kukuche nione watu wanafanya nini ili niwaseme.

Mwanzo wa wiki ya pili Salma akasema, "Haya dada, sasa tuingie vitendo vilivyokwisha. Ameshona. Alishona. Alikuwa akishona mara mlango ukagongwa. Hivyo vina mikia yake mingine." Akaanza kuchora safu za mikia. Ile safu ilianza juu ya ukurasa ikateremka mpaka ikanigusa kidole, na kichwa kikaanza kuniuma.

"Vilivyokwisha vya nini?" nikamwambia. "Mgeni katoka kwao kote huko aje kutazama vilivyokwisha? Nizidishie vinavyoendelea."

"Dada, na ukikuta mtu keshamaliza?"

"Hatomaliza. Ntawaambia wasimalize."

Basi hapo ndipo nilipoharibu. Ni neno moja dogo, nimelisema nikimenya viazi, wala sikulifikiri mara mbili.

Nikaupanga mtaa. Nikaanza na Mzee Makame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumamosi saa nne nataka unichezee bao."

"Mimi kila siku nacheza bao."

"Nataka uwe unacheza wageni wakipita."

"Na nikishinda kabla hawajaja?"

"Usishinde."

Akanitazama kama niliyemvua kofia mbele za watu, lakini akakubali. Fundi Haji akasema ana suruali moja tu ya mteja, ataishona polepole. Bi Mwanakheri akasema, "Siku hiyo hiyo nna wakwe saa saba na nusu, mwanangu, lakini saa nne kwa vyovyote ntakuwa nakuna nazi. We pita na watu wako." Nikarudi nyumbani nikaziandika sentensi zangu kwa mpangilio wa milango, moja baada ya moja, nikazihifadhi kama aya.

Jumamosi saa nne mtaa ulikuwa unapendeza mpaka nikatokwa na machozi. Kete zinagonga, cherehani inaimba, mbuzi ya nazi inakwaruza. Nikampigia simu Bi Zuhura. "Tunakuja," akasema. (Na nyinyi mnaijua tunakuja yetu, mtu huisema bado anatafuta kiatu.) Saa tano: "Tunakuja, wako sokoni Darajani wanawapiga picha pweza." Saa sita: "Tunakuja."

Saa saba kamili ndio wanatokea mwisho wa kichochoro, wamekuwa wekundu kama pweza wenyewe, wanavuta miguu, na Bi Zuhura mbele yao na daftari lake. Na mtaa wangu? Mtaa ulikuwa umekwisha! Mpinzani wa Mzee Makame alikuwa ameondoka kwa hasira, maana nani atacheza na mtu anayekataa kushinda, na mzee mwenyewe kasinzia na kete mkononi. Fundi Haji alishaimaliza ile suruali, akaifumua, akaishona tena, na sasa kaikunja. Kote niendako wameshafanya, wameshafanya, wameshafanya, na mimi sina hata neno moja la kumsema mtu aliyekwisha.

Nikasimama mbele ya Mzee Makame, ambaye alikuwa anakoroma. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa babu yuko anacheza bao. Nikaisema. "El abuelo está jugando al bao!" kwa sauti, na mkono nimeunyoosha. Wahispania wakamtazama babu, wakanitazama mimi, na mmoja mrefu mwenye kofia ya majani akaniinamia akaniuliza kitu kwa upole sana, kama unavyomuuliza mtu mgonjwa. Nikaupiga ubao wa bao kwa ncha ya kidole cha mguu. Mzee akazinduka, "Sijashinda! Sijashinda!" akaanza kumwaga kete kila shimo, mpaka nyingine zikaingia mfukoni mwa kanzu yake.

Nikakimbilia kwa Fundi Haji. "Shona!" nikamnong'oneza.

"Nshone nini, Mwajuma? Nshamaliza mara mbili."

"Chochote!"

Akaikunjua suruali, akaisukuma chini ya sindano bila kutazama, mashine ikalia, nami nikapaza sauti, "El sastre está cosiendo!" Wakapiga makofi. Fundi akainuka kuyapokea, na suruali ikainuka naye, maana alikuwa kaishona na pindo la shati lake mwenyewe, ikamning'inia tumboni kama mtoto. Makofi yakazidi. Salma nyuma yangu alikuwa ameuma mtandio ili asicheke.

Bi Zuhura hakupiga makofi. Aliandika kitu daftarini, akanisogelea, akaniambia chini chini, "Mwajuma, hivi mtaani kwenu hakuna kitu kinachoendelea chenyewe?"

Nilikuwa nimebakiwa na mlango mmoja tu. Nikatangulia mbio kwa Bi Mwanakheri, nikapiga hodi, nikaingia. Ndani hakuna mbuzi ya nazi, hakuna hata ganda. Mkeka umetandikwa, udi umefukizwa, na katikati kuna sinia la pilau limefunikwa kawa, na kuku, na ndizi mbivu za nazi, na kachumbari, na juisi ya ukwaju. Bi Mwanakheri kavaa nguo yake ya sikukuu. Raya kakaa pembeni na hina ya jana inang'aa.

"Bi Mwanakheri, nazi iko wapi?"

"Nazi imo ndani ya ndizi. Toka, wakwe wako njiani."

"Basi jifanyeni mnakula. Kaeni, funueni kawa, pelekeni mkono karibu na sinia tu. Nakuja nao mlangoni, nasema sentensi moja, twende zetu."

"Mwajuma, chakula cha wakwe kifunuliwe kwa ajili ya kupigwa picha?"

"Nusu dakika, Bi. Salma keshaandika barua ya kuacha chuo."

Bi Mwanakheri ndiye aliyemlisha Salma na kumkosha mdomo siku tulipomzika mama. Akakaa kitako, akafunua kawa, harufu ikatoka, akamwambia Raya, "Sogea. Nusu dakika."

Vichwa vinane vikajaa mlangoni. Nikavuta pumzi. "Están comiendo!" Wako wanakula. Hiyo sikuihifadhi, niliiunda mwenyewe papo hapo, na mikia yake yote imekaa sawa, na Bi Zuhura akainua uso kutoka kwenye daftari na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Lau tungeondoka hapo hapo leo ningekuwa natembea uso wazi.

Lakini Bi Mwanakheri ni mtu wa hapa. Hawezi kuwa mbele ya sinia, ainue macho aone uso mlangoni, anyamaze. Hata awe anajifanya. "Karibuni," akasema, na mkono ukafunguka wenyewe.

Mimi na wewe tunaijua karibu hiyo. Unaweka mkono kifuani unasema ahsante, nshakula, endeleeni. Akishikilia sana unaonja tonge moja kwa heshima, unashukuru, unakwenda zako. Wahispania hawaijui. Ila neno lenyewe wanalijua vizuri mno, ndilo neno la kwanza wanaloambiwa wakishuka uwanja wa ndege. Yule mrefu uso ukamng'aa. "¡Karibu!" akawaambia wenzake. Wakavua viatu (watu wenye adabu, jozi nane, zimepangwa mstari), wakaingia, wakakaa, wakalizunguka sinia.

"Mwajuma," alisema Bi Mwanakheri bila kuacha kutabasamu, "waambie."

"Niwaambie nini?"

"Waambie nimesema tu."

"Hilo sina, Bi. Mimi nna wanachofanya tu."

"Haya, wanafanya nini?"

"Wanakula."

Na walikuwa wanakula kweli. Walikula kwa mikono kama wamezaliwa Makunduchi, wali unamwagika magotini, kuku anapasuliwa, huyu anafumba macho, yule anaimba. Na mgeni akishakaa kwenye mkeka wako humuinui, hilo la kuwainua hata Bi Mwanakheri hakulifikiria. Alimkatia mama mmoja wa Kihispania paja la kuku akamwekea mbele, "Kula mwanangu, usione haya," na machozi yanamtoka. Wahispania wakadhani ni ya furaha. Wakampiga picha.

"Hodi! Hodi hapa!"

Sauti sita, manukato sita, mabuibui ya hariri. Aliyetangulia alikuwa Bi Shemsa, shangazi wa mchumba, na nyuma yake bibi mzee wa familia ameshikwa mkono. Wakasimama. Kwenye sinia palikuwa pamebaki ukoko na mbegu tatu za iliki. Kuzunguka sinia kulikuwa na nyayo kumi na sita nyeupe zimewaelekea.

Bibi akainama kidogo, akawatazama vizuri, akamuuliza Bi Shemsa, "Hawa ndio jamaa wa upande wa mke?"

Ilinipasa niseme. Wote wakanitazama mimi, kuanzia Bi Mwanakheri na Raya mpaka Bi Zuhura, na mdomo ukafunguka, na kilichotoka, Mungu shahidi yangu, ni "Están comiendo."

"Nini?" akasema Bi Shemsa.

Salma ndiye aliyepita mbele. "Shikamoo, Bi. Chakula chenu kimeliwa kwa sababu ya dada yangu, na dada yangu kafanya haya kwa sababu yangu mimi." Akaimwaga hadithi yote kwa pumzi mbili, chuo, barua, nazi, suruali, karibu. Nilitaka ardhi inipokee. Halafu yule bibi akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema, "Nisogezeni. Ukoko mimi naupenda," akakaa katikati ya Wahispania, nao wakampisha.

Nikatoka mbio. Nilikimbia mpaka barabarani nikarudi na ndoo ndogo ya urojo, kachori, mishkaki na mikate niliyoikumbatia kifuani, na wakwe, ndani ya hariri zao, wakanywa urojo kwenye vikombe vya chai. Bi Shemsa alimaliza kikombe cha pili, akafuta mdomo, akasema, "Tumeahidiwa pilau, tumepewa urojo. Mtoto tutamchukua hivyo hivyo."

Bi Zuhura alinisubiri kichochoroni.

"Kihispania hujui."

"Sijui, Bi."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

Akalifunga daftari. Mlangoni yule mrefu na Fundi Haji walikuwa wanasaidiana kufumua shati, wanacheka, hakuna anayejua mwenzake anasema nini. Bi Zuhura akawatazama. "Wageni wangu hawajapata kukalishwa mkekani na mtu ambaye sikumpanga," akasema. "Jumatatu uje. Lakini usinipangie mtaa tena. Na huyo mdogo wako akusomeshe vilivyokwisha."

Salma ile barua aliigeuza upande wa nyuma, akachora juu yake safu za mikia ya vilivyokwisha, na nikaikubali yote, mpaka ya chini kabisa. Bado yuko chuo. Mimi natembeza wageni, na nimeapa maishani mwangu simwambii tena mtu ajifanye anakula, wala sivuki Darajani na kundi mpaka kila mmoja amejua kuweka mkono kifuani na kusema, "Nshakula." Wanasema wote kwa pamoja, kama watoto wa madrasa. Wiki iliyopita Bi Mwanakheri alinilalamikia kwamba wageni wangu siku hizi hawana adabu, wanakataa chakula cha watu.

Lakini yeye hajanisamehe, au kanisamehe kwa namna yake. Siku ya pili yake nilikwenda kwake asubuhi na maneno yangu ya kuomba radhi nimeyapanga. Hakuyasikiliza mpaka mwisho.

"Radhi hailiki," akasema. "Una deni langu. Pilau ile ile, kuku wale wale, ndizi za nazi, kachumbari na ukwaju, upike wewe kwa mikono yako, kwa wakwe wale wale, siku ntakayotaka mimi."

"Siku gani, Bi?"

"Ntakwambia."

Raya ameshaolewa, na Bi Mwanakheri hajaniambia. Ijumaa alipita mlangoni kwangu na sinia tupu chini ya kwapa, nikamwamkia, akaitika, akanijulisha kwamba wale wakwe sita wamefanya mashauriano na sasa wamekuwa kumi na wanane. Nikamuuliza tena siku. Akasema, "Nunua mchele ukae nao." Nimenunua. Uko uvunguni mwa kitanda changu, na kila nikisikia ndara zake zinaburuzika kichochoroni, nainuka kutafuta sufuria.